Eldoret: Jiji Lililoota Shambani

Jiji la tano la Kenya lilianza kama posta katikati ya mashamba. Posta hiyo ilifunguliwa mwaka wa 1910 kwenye Shamba Nambari 64, karibu na Mto Sosiani, na kwa miaka mingi wenyeji walipaita Sisibo, kama nambari hiyo ya Kizungu ilivyotamkika vinywani mwao. Jina la Eldoret lilikuja rasmi mwaka wa 1912. Hadhi ya jiji ilipatikana tarehe 15 Agosti 2024. Sehemu kubwa ya kilichojengwa hapa kati ya posta ile na hadhi hii imelipiwa na udongo wa kaunti ya Uasin Gishu.

Udongo huo ulikuwa na wenyewe kabla ya posta. Mashimo ya mviringo yanayoonekana hadi leo kwenye nyanda hizi yalikuwa mazizi ya ng'ombe ya watu wanaokumbukwa kama Wasirikwa. Baada yao walichunga Wamaasai wa Uasin Gishu, ambao jina lao ndilo lililobaki kwenye kaunti, hadi vita vya karne ya 19 vilipowatawanya. Wanandi nao walizuia njia ya wakoloni kwa zaidi ya miaka kumi, mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipopigwa risasi Oktoba 1905 alipokwenda kwenye mazungumzo ya amani. Anayesema kwamba walowezi walikuta nyika isiyo na mtu anaruka ukurasa huo, na ukurasa huo umeandikwa kwa damu.

Mwaka wa 1903 Uingereza ilifikia hatua ya kuwapendekezea Wayahudi wa Ulaya nyanda hizi wafanye makao yao. Wajumbe walitumwa kuzikagua, na kongamano la Wazayuni likakataa mwaka wa 1905. Waliokuja ni Makaburu. Familia zipatazo 47 zikiongozwa na Jansen van Rensburg zilisafiri kwa meli kutoka kusini mwa Afrika hadi Mombasa mwaka wa 1908, zikapanda treni hadi Nakuru, kisha zikaanza kupanda milima kwa magari ya kukokotwa na maksai. Katika misitu na matope ya kuelekea Timboroa magurudumu yalizama, na safari ambayo leo basi huimaliza kwa saa chache iliwachukua kuanzia Agosti hadi Oktoba.

Kijiji chao kilikua polepole. Inasimuliwa kwamba sefu ya benki ya kwanza ilipoteremshwa garini ilikuwa nzito kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuisogeza tena, basi benki ikajengwa kuizunguka. Tatizo hasa lilikuwa usafiri. Ngano ilistawi vizuri katika baridi ya nyanda hizi zilizo mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, lakini kuifikisha sokoni kwa maksai kulimaliza faida yote. Reli ilipofika mwaka wa 1924, ikiwa njiani kuelekea Uganda, mambo yakageuka. Ngano, mahindi na baadaye gome la miwati, lililotumika kutengeneza ngozi, vilipata njia ya kwenda Mombasa.

Waliolima, kupalilia na kuvuna walikuwa Waafrika, wengi wao maskwota waliofanya kazi ili waruhusiwe kuishi na kuchunga mifugo michache kwenye ardhi iliyokuwa ya babu zao. Baada ya uhuru, mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa na vyama vya ushirika, kampuni za kununua ardhi na watu wenye uwezo. Wakaja pia Wakenya wa makabila mengine kutafuta riziki. Suala la nani alistahili kupata nini halikumalizwa, na moto wa ghasia za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008 ulionyesha jinsi lilivyokuwa limeachwa kuoza.

Ukitaka kulielewa jiji hili, pita hapa msimu wa kuvuna, Novemba hadi Januari. Mahindi huanikwa kwenye maturubai kando ya barabara, na akina mama huyageuza kwa miguu mitupu, wakifungua mifereji midogo ili hewa ipite chini. Mashine ya kupura inanguruma, magunzi yanarundikana upande mmoja, na dalali anatumbukiza mkono ndani kabisa ya gunia kuangalia kama punje zimekauka. Gunia ni la kilo 90. Bei ikiwa nzuri, karo hulipwa Januari na maduka ya mbolea hujaa watu Machi. Bei ikianguka, hata vinyozi wa mjini huijua.

Huduma na viwanda navyo vilikuja nyuma ya mashamba. Hospitali ndogo iliyoanzishwa mwaka wa 1917 leo ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, inayohudumia wagonjwa wa magharibi yote ya Kenya. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka wa 1984, kiwanda cha nguo cha Rivatex kinatengeneza vitambaa, na uwanja wa ndege una njia ya kurukia ya kilomita 3.5. Malori ya kwenda Uganda yanapita hapa usiku na mchana.

Hesabu ya watu ya 2019 ilikuta wakazi zaidi ya 475,000 mjini, na kila mwaka wengine wanahitaji pa kulala. Mashamba ya miwati yaliyouzwa vipandevipande yameota nyumba za kupangisha. Ekari hamsini alizolima baba zimegawanywa kwa wana, wana wamewauzia walimu na wafanyabiashara ploti za futi 50 kwa 100, na trekta haiwezi tena kugeuka humo. Naona hatari hapa. Serikali ya kaunti ina mamlaka ya kupanga matumizi ya ardhi, na inapaswa kuchora sasa mpaka ambao ploti hazitauvuka, kabla ngano na mahindi havijasukumwa hadi kwenye miinuko ya Kaptagat yenye misitu na vyanzo vya maji ya jiji lenyewe.