Karata za Watu Wanne katika Reli ya Korogwe

Katika michezo yote aliyoirithi mtu wa pwani, hapana uliolingana na safari ya treni kama karata za wahedi wa sitini, yaani sitini na moja, zichezwazo na watu wanne, wawili kwa wawili, kila mmoja akimkabili mwenziwe na kuwaweka mahasimu wake kuumeni na kushotoni. Na katika nchi ya Korogwe na Handeni habari ya mchezo huu haitengeki na habari ya njia za kusafiria.

Asili yake ni ya mbali. Wareno, walioanza kujenga Ngome ya Mombasa mwaka 1593 wakaja kutolewa humo mwaka 1698, hawakutuachia mambo mengi ya kutamanika, lakini karata ni mojawapo: kopa, uru, shupaza na pao, ndizo aina nne za karata, na turufu pia, yote ni majina yao, na hesabu nayo ni ile ile ya kwao. Ree, yaani karata ya moja, ina 11, seti, yaani ya saba, 10, kisha wazungu watatu, ndizo karata za picha, wa nne, wa tatu na wa pili, kila mmoja na thamani aliyoitiwa. Jumla ya aina zote ni 120, basi wawili watakaopata 61 wamevuka nusu na kushinda. Mchezaji hodari si yule aliyepewa turufu nyingi, bali ni yule akumbukaye zilizokwisha kuanguka, ajuaye wakati wa kuificha ree yake na wakati wa kumtilia mwenziwe mzungu juu ya mkono alio na yakini ya kuuchukua. Na haya yote ayafahamu pasipo kusemezana, kwa kuwa kukonyezana ni hila, ingawa sijapata kuona meza isiyoshutumiana kwa hila hiyo.

Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza mwaka 1896, kisha kampuni iliyoijenga ikaishiwa, hata serikali ya Wadachi, yaani Wajerumani, ikaitwaa mwaka 1899. Ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Mkonge ndio ulioilisha: mashamba yalienea kando yake, na watu wa makabila mbalimbali, kutoka majimbo ya mbali, wakaja kufanya kazi humo. Watu wasiokuwa na lugha moja ya nyumbani waliweza kukaa upande mmoja wa karata, maana mchezo huu hauhitaji maneno mengi, na Kiswahili cha turufu na garasa, karata isiyo na hesabu, hujifunzwa kwa adhuhuri moja.

Nasema karata, wala si bao, ingawa bao ndilo mchezo wenye heshima zaidi. Bao lina mashimo 32 na kete 64, nalo huchezwa na wawili tu, wengine wote wakiwa washauri wasioalikwa. Tena behewa likitikisika kwenye kona, nyumba ya mtu yaweza kumwagika kabla haijaliwa. Kwa hiyo bao lilibaki barazani, na karata zikapanda treni, ambamo viti vya daraja la tatu, vilivyowekwa vikikabiliana, na sanduku la abiria lililolazwa juu ya magoti, vilitosha kuwa meza kamili.

Handeni haikuipata bahati hiyo ya treni. Katika Vita vya 1914 Wadachi waliweka njia nyembamba ya vitoroli kutoka Mombo mpaka Handeni, ya kupitishia shehena za jeshi, lakini Waingereza waliishika nchi mwezi Juni 1916, na njia ile haikudumu. Hata reli ya kuunganisha Mnyusi na Ruvu, iliyofunguliwa mwaka 1963, haikuugusa mji wa Handeni. Wenyeji wake walisafiri kwa malori na mabasi, na katika basi kila abiria hutazama kisogo cha aliye mbele yake, hali ambayo kwa wahedi wa sitini ni haramu kabisa.

Treni ya abiria ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi kwa njia ya Korogwe, iliyokuwa imesimama kwa miaka mingi, ilirejea Desemba 2019. Basi msafiri wa Korogwe mwenye wasaa na achukue karata zake. Ama wa Handeni, hana budi kuzitia mfukoni mpaka atakapoteremka.