Kirusi Kilalacho: Habari ya Bukoba na Muleba

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania, watatu kwa idadi, walitambuliwa mkoani Kagera. Wakati huo Kiswahili hakikuwa na jina la ugonjwa huo. Wenyeji wa Bukoba waliuita Juliana, kwa jina la nguo iliyoletwa na wachuuzi kutoka Uganda na kupendwa mno na vijana. Na ng'ambo ya mpaka, katika Rakai, waliuita Slim, yaani mwembamba. Majina hayo yastahili kutazamwa. La pili lataja mwili unaokonda, lakini la kwanza lataja magendo yaliyostawi baada ya vita vya 1978 na 1979, na wachuuzi waliolala njiani wakarudi na fedha.

Walakini lilikuwapo swali ambalo majina hayo hayakulijibu. Mtu alichuma buni zake, akaoa, akazaa, kisha baada ya miaka minane au kumi akaanza kukonda. Maradhi yalikuwa wapi muda wote huo? Wengine walisema ni uchawi; nami siwacheki, kwani maradhi yanyamazayo miaka kumi hufanana sana na kisasi cha jirani.

Mwaka 1987 wachunguzi walipima damu za watu wazima wa mkoa ule, wenye umri wa miaka 15 hadi 54. Katika mji wa Bukoba watu 24.2 kwa mia walikuwa na kirusi. Katika vijiji vya Bukoba na Muleba, 10 kwa mia. Huko Ngara na Biharamulo hawakufika hata mmoja kwa mia. Basi karibu mtu mmoja katika kila wanne wa mjini alikuwa nacho, na wengi wao walikuwa wakitembea sokoni kama wazima. Baadaye hesabu zilishuka: mjini 13.3 mwaka 1996, na Muleba 4.3 mwaka 1999.

Jibu la swali lile limekuja kwa vipande. Kwanza ilijulikana kwamba katika miaka hiyo ya kimya kirusi hakilali. Huzaliana kila siku, na mwili hupigana nacho kila siku. Lakini katika chembe chache za damu, zile za CD4 zilizotulia, kimelala kweli. Neno kinga, tulilolitia katika UKIMWI, latokana na kukinga, kama mtu akingavyo mvua kwa jani la mgomba; na hapa adui amejificha ndani ya jani lenyewe.

Hulalaje? Kila chembe hupeleka amri zake kwa nakala ziitwazo RNA, mfano wa barua. Mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun, wakichunguza mnyoo mdogo sana, walieleza vipande vifupi vya RNA, vyenye herufi 22 hivi, vinavyojibandika juu ya barua na kuizuia isisomwe. Vikaitwa maikro-RNA, na mwaka 2024 wataalamu hao wakapewa tuzo ya Nobel. Mwaka 2007 wachunguzi wa Philadelphia walionyesha kwamba katika chembe zilizotulia, maikro-RNA kadhaa hujibandika mwishoni mwa barua za kirusi. Chembe ikiamshwa ili ipambane na maradhi, vipande hivyo hupungua, na barua husomwa. Hiyo si sababu pekee ya usingizi wa kirusi, ila ni mojawapo.

Tangu mwaka 2004 mpango wa taifa umetoa dawa za kufubaza virusi, nazo zimewarudisha wengi mashambani. Dawa hizo huzuia kirusi kisiingie katika chembe mpya, lakini kilicholala hakiguswi. Wataalamu wengine wataka kukiamsha ili kiuawe. Wengine wataka kukifungia usingizini daima. Kwa sasa mzee wa Kamachumu, aliyemeza vidonge vyake miaka ishirini na ambaye damu yake haionyeshi tena kirusi, hawezi kuviacha: akiviacha majuma machache tu, chembe chache zinazoamka zatosha kuanzisha upya.