China mjini Kigali

Kigali, mji mkuu wa Rwanda, ni miongoni mwa miji ya Afrika Mashariki ambamo kupanda kwa nguvu za China kunaonekana kwa macho: katika lami, katika majengo ya serikali, katika rafu za maduka na katika meza za mazungumzo ya kibalozi. Uhusiano wa Rwanda na Jamhuri ya Watu wa China ulifunguliwa tarehe 12 Novemba 1971 na umedumu hadi leo, ilhali ule wa Rwanda na Ufaransa ulikatika mwaka 2006 na ule wa Ubelgiji mwaka 2025. Makala haya yanaeleza historia hiyo pamoja na athari yake kwa mataifa ya Magharibi yaliyozoea kuwa wafadhili na washauri wakuu wa nchi hii.

Mwanzo

Rwanda ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Serikali ya Grégoire Kayibanda ilikuwa karibu mno na Ubelgiji na Kanisa Katoliki, na kwa miaka karibu kumi iliitambua Taiwan kuwa ndiyo China. Hofu ya ukomunisti ilikuwa kubwa katika ukanda huo. Burundi, iliyokuwa imekwisha kumkaribisha balozi wa Beijing, ilimwondoa Januari 1965, mwezi uleule alipouawa waziri mkuu Pierre Ngendandumwe.

Upepo uligeuka tarehe 25 Oktoba 1971. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura 76 dhidi ya 35 kuirudishia Beijing kiti cha China, na Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi 76 zilizoafiki. Tanzania, kupitia balozi wake Salim Ahmed Salim, ilikuwa mstari wa mbele katika kampeni hiyo, na furaha ya ujumbe wake ukumbini iliwaudhi sana Wamarekani. Wiki chache baadaye Kigali ikatia saini ya kufungua uhusiano na Beijing.

Matunda yalianza kuonekana chini ya Juvénal Habyarimana, aliyetwaa madaraka Julai 1973. Kazi kubwa ya kwanza ilikuwa barabara ya Kigali hadi Rusumo, kwenye mpaka wa Tanzania, iliyojengwa katika muongo uleule ambao Wachina walikuwa wakiijenga reli ya TAZARA. Kwa nchi isiyo na bahari, barabara hiyo ilikuwa mshipa wa damu, kwani ndiyo njia ya kwenda bandari ya Dar es Salaam. Baadaye kilifuata kiwanda cha saruji cha CIMERWA huko Bugarama, kusini-magharibi, kilichoanza kazi mwaka 1984.

Uwanja wa Amahoro

Jengo la Kichina linalojulikana kuliko yote mjini ni Uwanja wa Amahoro ulioko Remera, uliojengwa katika miaka ya 1980. Jina lake maana yake ni amani. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mwaka 1994, maelfu ya watu walikimbilia humo chini ya ulinzi wa UNAMIR, kikosi cha Umoja wa Mataifa, na wengi waliokoka kwa sababu hiyo.

Inafaa kukumbuka hapa kwamba mataifa makubwa yote yaliiacha Rwanda wakati huo. Ubelgiji iliondoa askari wake baada ya kuuawa kwa wanajeshi wake 10 tarehe 7 Aprili. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 912 la kukipunguza kikosi hadi watu 270 hivi, na hakuna aliyepinga, China ikiwa ndani ya baraza hilo pamoja na Marekani, Ufaransa na Uingereza. Kutoegemea upande mmoja, ambako ni nguzo ya siasa ya nje ya Kigali tangu wakati huo, kuna mzizi wake katika mwezi huo wa Aprili.

Uwanja huo ulipanuliwa upya na kufunguliwa Julai 2024 ukiwa na viti 45,000. Safari hii mkandarasi alikuwa Summa wa Uturuki.

Barabara, majengo na umeme

Kampuni ya China Road and Bridge Corporation imekuwapo Rwanda tangu miaka ya 1970 na haikufunga ofisi hata serikali zilipobadilika. Maofisa wa ubalozi wa China husema mara kwa mara kwamba zaidi ya asilimia 70 ya barabara za lami nchini zimejengwa na makampuni ya kwao. Mtu anayetembea Kigali hana sababu kubwa ya kuwakatalia: sehemu kubwa ya barabara zilizopanuliwa mjini katika miaka ya 2010 zilijengwa na kampuni hiyo kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Mwaka 2019 serikali ilikabidhiwa jumba jipya la ofisi, msaada usio na marejesho kutoka Beijing.

Hata hivyo, ushindi haukuwa wa kila mahali. Jumba la Mikutano la Kigali, lenye kuba linalong'aa usiku kwa rangi za bendera, lilichorwa na Mjerumani Roland Dieterle na kuanza kujengwa na kampuni ya Beijing Construction Engineering Group. Kazi ilikawia kwa miaka. Serikali ikavunja mkataba na kuwapa Waturuki wa Summa, waliolimaliza kabla ya mkutano wa Umoja wa Afrika wa Julai 2016. Tukio hilo halitajwi sana, nalo ni ushahidi mzuri kwamba mkandarasi wa Kichina anaweza kufukuzwa kazi kama mwingine yeyote.

Katika umeme mchanganyiko ni ule ule. Mtambo wa KivuWatt, unaotumia gesi ya Ziwa Kivu, ni wa Wamarekani. Bwawa la kwanza la Nyabarongo, lenye megawati 28, lilijengwa kwa mkopo wa India. Nyabarongo II, lenye megawati 43.5, lilipewa kampuni ya Kichina ya Sinohydro kwa mkopo wa Exim ya China wa dola zipatazo milioni 214, na ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2022.

Reli haikufika. Mwezi Mei 2014 Rais Paul Kagame alikuwa Nairobi pamoja na Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni wakati waziri mkuu wa China, Li Keqiang, alipotia saini mkataba wa reli ya kisasa iliyokusudiwa kutoka Mombasa hadi Kigali. Treni ya Mombasa na Nairobi ilianza kazi mwaka 2017, njia ikaishia Naivasha, na Kigali ingali inategemea malori.

Julai 2018 na suala la caguwa

Xi Jinping aliwasili Kigali tarehe 22 Julai 2018, akiwa rais wa kwanza wa China kuizuru Rwanda. Aliweka shada la maua katika makumbusho ya mauaji ya kimbari ya Gisozi, na mikataba 15 ikatiwa saini, ikiwamo mikopo ya dola milioni 126 kwa ajili ya barabara. Siku aliyoondoka, waziri mkuu wa India, Narendra Modi, alishuka katika uwanja uleule wa ndege wa Kanombe, akaahidi mikopo ya dola milioni 200 na kutoa ng'ombe 200 kwa ajili ya Girinka, mpango wa kuzipa ng'ombe familia maskini.

Siku zilezile Marekani ilikuwa ikichapa fimbo. Kisa chake kilikuwa mitumba, ambayo Kigali huitwa caguwa, neno la Kiswahili lililovaa matamshi ya Kinyarwanda: chagua. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuachana na mitumba taratibu ili kulinda viwanda vya nguo. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika Washington, na tishio la kuondolewa katika AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, likatolewa. Kenya, Uganda na Tanzania zilirudi nyuma moja baada ya nyingine. Rwanda haikurudi. Mwishoni mwa Julai 2018, siku chache baada ya Xi kuondoka, Rais Donald Trump alisimamisha haki ya nguo za Rwanda kuingia Marekani bila ushuru.

Kwa fedha hasara ilikuwa ndogo, maana nguo zilizokuwa zikiuzwa Marekani zilikuwa chache. Kwa maana ya kisiasa lilikuwa jambo kubwa. Nchi ndogo ilikataa amri ya taifa lenye nguvu kuliko yote duniani, na iliweza kufanya hivyo kwa sababu milango mingine ilikuwa wazi. Haitakuwa haki kusahau upande wa pili: ushuru huo uliwaumiza wachuuzi wa caguwa na wateja wao wa kipato cha chini, na sehemu ya nafasi iliyoachwa ilijazwa na nguo mpya za bei nafuu kutoka China. Kiwanda cha C&H Garments, chenye mtaji wa Kichina, kilikuwa kimeanza kushona katika ukanda maalumu wa kiuchumi wa Masoro mwaka 2015.

Biashara

China ni chanzo kikuu cha bidhaa zinazoagizwa na Rwanda. Wafanyabiashara wa Quartier Mateus, mtaa wa maduka mjini Kigali, huifahamu Guangzhou kama wazazi wao walivyoifahamu Kampala, na mwaka 2019 RwandAir ilianzisha safari ya kwenda huko kupitia Mumbai. Kampuni ya televisheni ya Kichina, StarTimes, ilianzia kazi yake ya Afrika mjini Kigali mwaka 2008, na king'amuzi chake kimefika vijijini.

Upande wa mauzo, Jack Ma wa Alibaba alikuja Oktoba 2018 kuzindua jukwaa la biashara ya mtandaoni la eWTP, la kwanza barani Afrika. Kahawa ya Rwanda ikaanza kuuzwa kwa Wachina moja kwa moja, na Mei 2020 maelfu ya pakiti yalimalizika ndani ya dakika moja katika matangazo ya mubashara. Pilipili iliyokaushwa iliruhusiwa mwaka 2021. Hata hivyo mizani ya biashara imeelemea upande wa China kwa mbali.

Afya, kilimo na elimu

Madaktari wa Kichina wamekuwa wakija kwa zamu tangu 1982, kwanza hospitali ya Kibungo. Hospitali ya Masaka, wilayani Kicukiro, ni msaada wa China. Upanuzi wake ulianza 2022 ili ipokee shughuli za CHUK, hospitali ya chuo kikuu ya Kigali. Huko Rubona, Huye, wakulima hufundishwa kuotesha uyoga kwa nyasi za juncao. Taasisi ya Confucius iko chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda.

Malalamiko

Aprili 2022 mahakama ya Karongi ilimhukumu raia mmoja wa China, msimamizi wa mgodi katika Mkoa wa Magharibi, kifungo cha miaka 20 kwa kuwafunga wafanyakazi kamba na kuwachapa. Ubalozi wa China uliwataka raia wake wafuate sheria za nchi. Mafundi seremala wa Gisozi nao hulia juu ya samani zinazoletwa kwa makontena. Masharti kamili ya mikataba mingi ya mikopo hayajulikani kwa mwananchi, na hilo ni kosa la pande zote mbili.

Maana yake kwa Magharibi

Hofu inayosikika zaidi Ulaya na Marekani ni kwamba China inazinasa nchi za Afrika kwa madeni. Kwa Rwanda hoja hii ni dhaifu, kwani mdai wake mkubwa ni Benki ya Dunia kupitia mfuko wa IDA, na mwaka 2021 serikali ilikopa dola milioni 620 katika soko la kimataifa la hatifungani. Kilichobadilika ni kwamba mfadhili wa Magharibi si mlango pekee tena.

Mwaka 2009 unaonyesha vizuri jinsi Kigali inavyofanya. Mapema Novemba, Kagame aliandika katika gazeti la The Guardian la London kueleza kwa nini Afrika inawakaribisha Wachina: wanaleta uwekezaji, si misaada pekee. Tarehe 29 mwezi huohuo Rwanda ikaingia Jumuiya ya Madola, na siku hiyohiyo ikarudisha uhusiano na Ufaransa. Mtu anayesoma tukio moja tu kati ya hayo ataielewa vibaya Rwanda. Vivyo hivyo, kiwanda cha Volkswagen kilifunguliwa mjini Juni 2018, mwezi mmoja kabla ya Xi kuja, na Emmanuel Macron alipokelewa Mei 2021.

Kwa hiyo Mzungu anayefika Kigali leo hapotezi nafasi yake, ila anapoteza upendeleo. Atashindana kwa bei na kwa muda, na masharti yake yatapimwa kando ya ya wengine.

Nchi za Magharibi bado zina uwezo wa kuumiza. Mwaka 2025, kwa sababu ya vita vya mashariki mwa Kongo, Uingereza na Ujerumani zilizuia misaada, Marekani na Umoja wa Ulaya ziliweka vikwazo, na Kigali ikavunja uhusiano na Ubelgiji tarehe 17 Machi. Waliodhani kwamba China ingeikingia Rwanda kifua walikosea: tarehe 21 Februari, ikiwa ndiyo mwenyekiti wa Baraza la Usalama, China ilipiga kura pamoja na wengine wote kuunga mkono azimio namba 2773, lililoitaka Rwanda iondoe majeshi yake Kongo. Mkataba kati ya Rwanda na Kongo ulitiwa saini Washington, si Beijing.

Hali ya sasa

Septemba 2024 Rwanda na China zilipandisha uhusiano wao kuwa ubia wa kimkakati wa pande zote. Tangu tarehe 1 Desemba 2024 bidhaa za Rwanda huingia China bila ushuru. Barabara ya Rusumo, kutoka Kayonza hadi mpakani, imekarabatiwa upya: fedha zilitoka Benki ya Maendeleo ya Afrika na Japani, na mkandarasi alikuwa Mchina.