Njia Kabla ya Nyumba

Mji wetu wa Lubumbashi ulichorwa kwenye karatasi kabla ya kujengwa. Mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini, watawala wa Kibelgiji walipima barabara zilizonyooka, zinazokatana kwa pembe mraba, wakauita mji Élisabethville kwa jina la malkia wao. Mpango huo ungali unatufaa katikati ya mji: barabara moja ikifungwa kwa matanga, mtu hupita ya pili.

Hata hivyo tusiwasifu mno. Wapimaji walewale waliojua kuunganisha walijua pia kutenga. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Waafrika waliwekwa upande wa kusini, katika mtaa ulioitwa Albert, ndio Kamalondo ya leo. Na kati yao na mji wa Wazungu ukaachwa ukanda mtupu wenye upana wa mamia ya mita. Sababu iliyotajwa ilikuwa afya: eti mbu hawezi kuruka mbali hivyo. (Mbu hakuulizwa.) Ndani ya Kamalondo, na baadaye Kenya na Katuba, njia zilikutana vizuri. Za kuelekea mjini zilikuwa chache, na usiku Mwafrika hakuruhusiwa kuonekana huko bila kibali.

Tangu uhuru wa 1960 mji umeenea kupita mipaka ya ramani ile, hadi ndani ya komini ya Annexe inayouzunguka. Huko utaratibu umegeuka: kwanza kiwanja, kisha ukuta, mwisho njia, ikiwa nafasi imebaki. Mwenye shamba hugawa, mnunuzi hugawa tena, na kila mmoja huacha uchochoro wa kumfikisha mlangoni pake tu. Nyumba mbili zinazopeana migongo zaweza kutenganishwa na mwendo wa kilomita nzima. Bomba la maji hufuata mzunguko uleule. Gari la wagonjwa hukwama. Na magari yote humiminikia barabara kuu moja, ambayo asubuhi huziba.

Kiwanja huuzwa na nyumba hubomolewa, bali mstari wa njia hudumu. Barabara nyingi za mji wa kale zimebadilishwa majina, wala hazikuhama. Kupanua uchochoro baada ya nyumba kusimama kunadai kubomoa na kulipa fidia, na wanaokaa kando yake mara nyingi ni maskini. Kabla ya tofali la kwanza, njia ya jirani hugharimu mita chache za ardhi, kamba na vigingi vinne.