Ni tortilla ipi unayoitaka, ya Madrid au ya Meksiko?

JUZI mwanafunzi wangu mmoja alishikilia kwamba upishi wa Uhispania na wa Meksiko ni mmoja, eti kwa kuwa nchi zote mbili huzungumza Kihispania. Nilimwambia aanze na neno 'tortilla'. Ukiagiza tortilla jijini Madrid, utaletewa mayai yaliyokaangwa pamoja na viazi. Ukiiagiza Meksiko, utapewa mkate mwembamba wa mahindi, wa duara kama chapati.

Neno lenyewe ni la Kihispania, lenye maana ya 'keki ndogo'. Waazteki, waliozungumza Kinahuatl, waliuita mkate wao 'tlaxcalli'. Wanajeshi wa Hernán Cortés walipofika mwaka wa 1519 waliona kitu bapa cha mviringo, wakakibandika jina la kwao. Basi!

Jiko la Uhispania nalo lina mikopo yake. Waislamu walitawala sehemu za nchi hiyo kuanzia 711 hadi 1492, na Mswahili hahitaji kamusi kutambua 'azúcar' na 'azafrán': ni sukari na zafarani zetu, sote tuliyatoa kwa Mwarabu. Huko mafuta ni ya zeituni na mkate ni wa ngano. Meksiko ilisimama juu ya mahindi, maharagwe na pilipili. Nguruwe, ng'ombe na mchele vilikuja na meli za Wahispania.

Ila neno linaloniuma ni 'nixtamal', lililotokana na Kinahuatl na ambalo ndani yake mna jivu. Wenyeji walichemsha mahindi katika maji ya chokaa au ya jivu, wakayaacha yalale usiku kucha, wakayaosha, ndipo wakayasaga. Kwa miaka mingi nilidhani lengo lilikuwa kulainisha ganda tu. Kumbe chokaa huifungua niasini, vitamini ambayo mwili hauwezi kuipata vyema kutoka kwa punje isiyotayarishwa hivyo.

Wahispania waliivusha mbegu baharini, maarifa hayo wakayaacha. Mwaka wa 1735 daktari Gaspar Casal alieleza ugonjwa uliowachubua ngozi maskini wa Asturias, kaskazini mwa Uhispania, watu ambao chakula chao kikuu kilikuwa mahindi. Ni pelagra, maradhi yanayoharibu ngozi, tumbo na akili, na hata kuua. Wanawake wa Meksiko walikuwa wameizuia kwa sufuria ya chokaa kwa karne nyingi bila kuijua, ilhali sayansi ilisubiri hadi 1937, Conrad Elvehjem alipoonyesha kwamba niasini ndiyo iliyokosekana.

Mwanafunzi alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza sisi tuliupokea mmea huo kwa jina gani.

"Mahindi," nikamjibu. "Yaani, ya Uhindi."

Akaangua kicheko. Meksiko haimo hata kidogo.