Banu Mushtaq na Nyumba ya Mwislamu katika Fasihi ya Kikannada

Kikannada ni lugha ya wengi katika jimbo la Karnataka, kusini mwa Bara Hindi. Lakini Waislamu wengi wa jimbo hilo husema Kidakhni majumbani mwao, nacho ni Kiurdu cha kusini. Mwislamu achaguapo kuandika kwa Kikannada, basi, huwa amechagua na wasomaji wake: mambo ya nyumbani kwake huyasikiza jirani.

Banu Mushtaq alizaliwa Hassan mwaka 1948. Alipokuwa na umri wa miaka minane babake alimtia katika shule ya misheni mjini Shivamogga, akapokewa kwa sharti la kujua kusoma na kuandika Kikannada katika muda wa miezi sita. Baadaye akawa wakili, akajiunga na waandishi wa Bandaya, yaani uasi, waliotaka fasihi isiwe mali ya wanaume wa tabaka za juu peke yao. Wala hakuwa pweke. Sara Aboobacker, ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kimalayalam, alikwisha toa mwaka 1984 riwaya ya Kikannada juu ya mke aliyepewa talaka tatu.

Katika hadithi yake Kari Nagaragalu, mke aliyetupwa kwa kuwa amezaa mabinti watupu aenda msikitini kudai haki, na msimamizi wa msikiti hamjali. Yafaa kuangalia kwamba mke huyo haikatai dini. Aidai haki ambayo dini yenyewe imempa. Kwa hiyo maneno ya Kiarabu na Kiurdu yamo katika Kikannada chake kama yalivyo midomoni mwa watu. Deepa Bhasthi, aliyefasiri hadithi 12 katika Heart Lamp, kitabu kilichopata Tuzo ya Kimataifa ya Booker mwaka 2025, naye aliyaacha bila herufi za mlazo wala tanbihi.

Uchaguzi huo ulikuwa na gharama. Mwaka 2000, kwa kutetea haki ya wanawake kuingia misikitini, alitangaziwa kutengwa na jamii yake kwa miezi mitatu. Mwaka 2025, alipoalikwa kufungua sikukuu ya Dasara mjini Mysuru, wako waliokwenda mahakamani kumzuia kwa kuwa si Mhindu. Mahakama Kuu ya India ilikataa ombi lao, naye akaifungua tarehe 22 Septemba. Wa kwanza walimwona amewatoa siri zao nje. Wa pili walimwona mgeni aliyeingia ndani. Hadithi zake zawajibu wote wawili kwa lugha moja.