Wauguzi 56: Mabel Staupers na mlango wa jeshi

Mwaka 1941, Marekani ikijiandaa kwa vita, jeshi la nchi kavu lilipanga idadi ya wauguzi Weusi ambao lingewapokea: 56. Hao wangegawanywa katika kambi mbili za Kusini, Fort Bragg kule North Carolina na Camp Livingston kule Louisiana, wakawahudumie askari Weusi katika wodi za peke yao. Jeshi la majini halikutaka hata mmoja.

Hesabu hiyo hunijia kila ninapomsikia mtu akisema uuguzi ni wito, basi, kana kwamba wito peke yake unamfikisha muuguzi kwenye kitanda cha mgonjwa. Wenye wito walikuwepo kwa maelfu. Kilichowazuia ni makaratasi, na ni vizuri kuyaeleza makaratasi hayo yalivyofanya kazi.

Aliyetaka kuwa muuguzi wa jeshi alipaswa kwanza kuandikishwa na Msalaba Mwekundu. Msalaba Mwekundu ulitaka awe mwanachama wa Chama cha Wauguzi wa Marekani. Chama hicho kilipata wanachama wake kupitia vyama vya majimbo, na vyama vya majimbo mengi ya Kusini havikumpokea Mweusi, hata awe na cheti kizuri namna gani. Kwa hiyo hakuna afisa aliyelazimika kumtazama muuguzi usoni na kumwambia hatukutaki. Kila ofisi ilimwelekeza kwa nyingine, na ile ya mwisho ilikuwa imefungwa.

Kizazi kilichotangulia kilikwisha kugonga mlango huo. Katika Vita vya Kwanza, Adah Thoms, kiongozi wa wauguzi katika Hospitali ya Lincoln, New York, aliandika na kuandika tena akiomba wenzake wapokelewe. Walichukuliwa 18 tu, baada ya homa ya mafua ya 1918 kuangusha askari makambini na bunduki za Ulaya kwisha kunyamaza. Walipelekwa Camp Sherman na Camp Grant. Mafua yalipopungua, wakarudishwa makwao.

Thoms alikuwa mmoja wa wauguzi 52 waliokutana New York mwaka 1908 kwa mwito wa Martha Franklin na kuunda chama chao wenyewe, NACGN, chama cha kitaifa cha wauguzi Weusi waliohitimu. Kabla ya hapo Franklin alikuwa ameandika barua zipatazo 1,500 kwa wenzake nchi nzima, kuuliza wanafanya kazi wapi na wanazuiwa na nini. Mwaka uliofuata, mkutano wao wa kwanza mkuu ulifanyika Boston, na aliyewakaribisha ni Mary Eliza Mahoney, Mweusi wa kwanza nchini humo kuhitimu mafunzo rasmi ya uuguzi, mwaka 1879. Mahoney alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika hospitali ileile aliyosomea kama mpishi na mfuaji nguo kabla ya kuruhusiwa kuingia darasani. Wanafunzi 42 walianza naye. Waliomaliza walikuwa wanne.

Mabel Keaton Staupers ndiye aliyeirithi kazi hii. Alizaliwa Barbados mwaka 1890, akahamia New York akiwa mtoto, akasomea uuguzi katika Hospitali ya Freedmen's mjini Washington na kuhitimu 1917. Alikuwa mwembamba, mwenye mwendo wa haraka na maneno ya haraka zaidi. Mwaka 1934 alishika ukatibu mtendaji wa NACGN, chama chenye fedha haba, huku Estelle Massey Riddle akiwa rais wake. Wawili hao walisafiri jimbo hadi jimbo wakikusanya takwimu, wakiwatia moyo wauguzi waliokuwa peke yao katika miji midogo, na kuwatembelea wakubwa wa hospitali.

Lakini Staupers hakuanzia kwenye vyeo vya wauguzi. Alianzia kwa wagonjwa. Mwaka 1920, pamoja na madaktari Louis Wright na James Wilson, alisaidia kuanzisha kituo cha matibabu Harlem, Booker T. Washington Sanitarium, kwa sababu daktari Mweusi alikuwa hana pa kumlaza mgonjwa wake. Kisha alifanya uchunguzi wa hali ya afya Harlem, akiona jinsi kifua kikuu kilivyokuwa kikiwamaliza watu na jinsi walivyopokelewa wakienda kutibiwa. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, hakuweza kuutenganisha ubaguzi wa muuguzi na ubaguzi wa mgonjwa. Hospitali isiyomtaka nesi Mweusi ndiyo ileile iliyomlaza mgonjwa Mweusi mwisho wa korido. Hata damu ilitengwa: tangu 1942 Msalaba Mwekundu wa Marekani ulipokea damu ya Weusi, lakini ukaihifadhi mbali na ya Weupe.

Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji maelezo marefu hapa. Wakati wa ukoloni, hospitali ya Ocean Road ilikuwa ya Wazungu, na Waafrika na Wahindi walikwenda ile ya Sewa Haji, iliyobeba jina la mfanyabiashara wa Kihindi aliyetoa fedha za kuijenga.

Turudi vitani. Idadi iliongezwa kidogo kidogo, na kila nyongeza ilikuja na dharau yake. Wauguzi Weusi walianza kupelekwa kwenye makambi ya mateka wa Kijerumani, wakawahudumie askari wa Hitler, ilhali majeruhi Weupe wa nchi yao walikuwa hawaruhusiwi kuguswa nao. Mfikirie binti aliyevaa sare ya jeshi lake, anabadilisha bandeji ya mateka, anapima homa yake, anamnywesha maji, na anajua kwamba hata mateka huyo anaweza kuhudumiwa katika mkahawa wa mji ambao yeye hawezi kukanyaga. Tarehe 3 Novemba 1944 Staupers alikutana na Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, na jambo la mateka lilikuwa miongoni mwa aliyomweleza.

Nafasi aliyoisubiri ilikuja Januari 1945. Wauguzi walikuwa hawatoshi, na Rais Roosevelt akaliomba Bunge sheria ya kuwaandikisha kwa lazima. Siku hizo Norman Kirk, mganga mkuu wa jeshi, alizungumza katika hoteli moja ya New York kuhusu upungufu huo, na Staupers alikuwa ameketi ukumbini. Akasimama. Akauliza, kama wauguzi wanahitajika hivyo, mbona jeshi haliwatumii Weusi? Alikuja na hesabu zake: waliosajiliwa 9,000, jeshi la nchi kavu limechukua 247, la majini hata mmoja.

Hakupaza sauti zaidi kuliko miaka iliyotangulia. Tofauti ni kwamba safari hii kila mtu ukumbini alikuwa ametoka kusikia kuwa mabinti wa Kizungu watalazimishwa kwenda. Simu za maandishi zikamiminika Ikulu kutoka kwa vyama vya wauguzi, makanisa na vyama vya wafanyakazi. Tarehe 20 Januari Kirk alitangaza kwamba jeshi litawapokea wauguzi bila kujali rangi. Siku tano baadaye jeshi la majini likafuata, na mwezi Machi Phyllis Mae Dailey akawa muuguzi Mweusi wa kwanza kuapishwa humo.

Staupers hakupumzika. Alikirudia kile kiungo cha kati, uanachama, na mwaka 1948 Chama cha Wauguzi wa Marekani kikaanza kuwapokea moja kwa moja waliokataliwa na majimbo yao. Hapo akafanya jambo ambalo viongozi wachache huliweza. Aliwashawishi wenzake kwamba kazi waliyojiwekea mwaka 1908 imefika, na Januari 1951, yeye akiwa rais, NACGN ikajifunga yenyewe. Mwaka huohuo alitunukiwa nishani ya Spingarn.

Miaka ishirini baadaye, mwishoni mwa 1971, wauguzi Weusi walikutana Cleveland. Walikuwa ndani ya chama kikuu, walilipa ada zake, na bado waliona wagonjwa wao wakihudumiwa mwisho wa foleni na wenzao wakipitwa katika uongozi. Wakaunda chama kingine.